Farasi Alitandikiwa, Punda Akatandikwa

Wasee, hii posti ni ndefu. Tafuta chai kwanza, ukae chini.

Mwaka jana, baada ya kuacha chuo (hiyo stori nilishawapa, karo iligoma na mimi nikagoma, sirudii), nilipata kibarua kwenye banda la farasi nje kidogo ya Nairobi. Sitasema ni wapi. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Unaingia chumba cha farasi na wilbaro na uma mrefu. Unaokota mavi, unatoa majani yaliyolowa mkojo, unaacha sakafu ikauke. Kisha unafungua marobota mapya ya majani makavu ya ngano na kuyatandaza chumba kizima. Ukutani unayapandisha juu zaidi kama kituta, ili farasi akijibiringisha usiku asikwame pembeni akashindwa kuamka.

Mzee aliyenifunza kazi alikuwa ametunza farasi tangu ujana wake. Alikuwa na kipimo kimoja tu. "Dunga uma chini," akaniambia. "Ukisikia meno yamegonga saruji, kijana, bado hujatandika. Ongeza."

Nikawa naongeza. Halafu jioni narudi kwa chumba changu cha kupanga, nalala kwa godoro la inchi nne ambalo hata bila uma nasikia saruji. Na kila usiku nilikuwa nakumbuka punda wetu wa Kanyangi.

Tulikuwa tunamwita Probox, kwa sababu kama zile gari za barabara ya Kitui, hakuna mzigo aliowahi kukataa. Mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji, kutoka kisima cha mchanga mtoni hadi kwa susu, kupanda kilima. Siku ya soko, magunia. Probox alilala wapi? Nje, chini ya mgunga, kamba shingoni. Kama kuna mvua, ananyeshewa. Kama kuna baridi ya Julai, anatetemeka. Hakuna mtu kwetu aliyeona hiyo kama ukatili. Punda ni punda.

Sasa hapo ndipo nilianza kujiuliza. Nani aliamua kwamba farasi ni wa kutandikiwa na punda ni wa kulala nje? Nikaanza kusoma. Kumbe ukifuata hayo majani ya ngano, unafika hadi Kariokor, unafika hadi 1938, unarudi hadi chini ya mgunga wetu.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, matandiko ni mashuka na blanketi za kitanda. Lakini matandiko pia ni vile vitu anavyowekwa mnyama mgongoni ili abebe mtu au mzigo. Kumtandika punda ni kumvisha hivyo vitu. Na sote tunajua maana ya tatu, kwa sababu tumesoma shule za Kenya: kutandika ni kuchapa. Neno moja, maana tatu. Farasi alitandikiwa, akawekewa kitanda chini ya miguu. Punda akatandikwa, mara mbili, mgongoni kwa mzigo na ubavuni kwa fimbo.

Kabla hujasema naonea farasi wivu, wacha nieleze kwa nini anatandikiwa, maana sababu zipo na ni za kweli. Farasi mkubwa wa kilo 500 anatoa kilo 20 hivi za mavi kwa siku, pamoja na lita kadhaa za mkojo. Akisimama juu ya hiyo uchafu, kwato zinaoza. Mkojo ukikaa unatoa ile harufu kali inayochoma macho, na ikiingia kwa mapafu yake kila usiku inamuumiza. Farasi anaweza kusinzia akiwa amesimama, hiyo ni kweli, lakini usingizi mzito kabisa anaupata akiwa amelala chini, na kama sakafu ni ngumu anaogopa kulala. Akilala kwa saruji tupu anapata vidonda vya magoti na viwiko. Majani ya ngano yana uwazi ndani kama mrija, kwa hivyo yanashika joto, yanaacha mkojo upite chini, na juu panabaki pakavu. Ubaya wake ni vumbi na ukungu. Robota lililofungwa likiwa na unyevu linaweza kumfanya farasi akohoe miezi. Ndiyo maana mabanda mengi siku hizi yamehamia maranda ya mbao, yale yale mama zetu wanaweka kwa kuku.

Hii elimu ni ya zamani sana. Mgiriki mmoja anaitwa Xenophon, mwanajeshi, aliandika kuhusu farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na akaingia hadi kwenye sakafu ya banda: alisema sakafu yenye unyevu na utelezi inaharibu hata kwato nzuri, akashauri banda liwe na mteremko na mawe. Watu walijali mahali farasi anasimama kabla Nairobi haijawa hata kijiji.

Sasa njoo Afrika Mashariki.

Farasi hapa ni mgeni. Hata jina lake limekuja na meli, kutoka Kiarabu, na sisi Wakamba tukalichukua tukasema mbalasi. Pwani walimjua mapema. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani yake unaona maisha ya jumba la kifalme ambamo watoto walifundishwa kupanda farasi, na punda weupe wa Maskati walikuwa wanyama wa heshima. Ona hapo, punda wa heshima. Kumbe inawezekana.

Lakini bara lilimkataa farasi. Ukitoka Mombasa kuja huku juu, unapita nyika ya Tsavo, na kati ya Voi na Kibwezi kulikuwa na ukanda wa mbung'o. Kibwezi ni hapa Makueni, majirani zetu wa ng'ambo ya mto Athi. Wakati reli ya Uganda inajengwa, kuanzia 1896, wanyama wa kubeba mizigo walikuwa wanakufa hapo kwa makundi, ng'ombe, nyumbu, farasi. Walionusurika walipelekwa mbele. Na Nairobi yenyewe, kabla reli haijafika mwaka 1899, ilianza kama kituo kidogo cha uchukuzi, mahali pa kuweka ng'ombe na nyumbu wa misafara pale penye maji baridi. Tunasema Nairobi ilizaliwa na reli. Kabla ya reli palikuwa na zizi.

Ukiepuka mbung'o, bado hujapona. Kuna ugonjwa unaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi ambaye hana kinga akiupata, mara nyingi anakufa kwa siku chache, povu likimtoka puani. Wanaoeneza ni visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, ambavyo vinatembea jioni hadi alfajiri. Ilithibitishwa Afrika Kusini miaka ya 1940 kwamba ni visubi, lakini wazungu wenye farasi walikuwa wameshajifunza kwa hasara, zamani zaidi, kwamba farasi anayelala nje anakufa na anayefungiwa ndani ana nafuu. Kwa hivyo Afrika banda halikuwa la maringo peke yake. Jua likizama, farasi aingie ndani, na akiingia ndani lazima atandikiwe.

Na punda? Punda akipata huo ugonjwa, kwa kawaida haumsumbui sana. Pundamilia hata hauonyeshi. Hawa ni wenyeji. Utafiti wa jenetiki uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa huku huku Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, takriban miaka 7,000 iliyopita, halafu ndio dunia nzima ikampata. Yaani Probox ndiye mwenye nyumba, na farasi ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni hakupewa jembe. Alipewa chumba.

Majani ya kutandika yalitoka wapi? Ukiwa na ngano, una majani ya ngano. Lord Delamere alijaribu kulima ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa kutu ukamla vibaya, akaendelea kujaribu mbegu baada ya mbegu mpaka ngano ikashika. Ardhi ile ile ya juu iliyochukuliwa kwa ajili ya walowezi ndiyo ilizaa ngano, na ndiyo ilijaa farasi. Huko Njoro ndiko alikulia Beryl Markham, ambaye baba yake alikuwa akifuga na kufundisha farasi wa mbio. Alipofika umri wa miaka 18 hivi akapata leseni ya kufundisha farasi, jambo ambalo mwanamke hakuwa amelifanya Kenya. Baadaye akawa rubani maarufu, na mwaka 1942 akatoa kitabu chake.

Kwa maisha yake kuna mtu anaitwa arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni, ambaye alifanya kazi naye miaka mingi na farasi hao. Jina lake tunalo kwa sababu yeye alimwandika. Wengine hatuna majina yao. Walijulikana kwa kazi tu: saisi. Hilo neno pia limetoka Kiarabu, na walowezi walilijua tayari kutoka India. Saisi ndiye alikuwa anaamka gizani, anadunga uma, anasikiliza saruji. Picha za mbio za zamani ziko nyingi kwenye intaneti. Mara nyingi farasi ana jina, mwenye farasi ana jina, anayempanda ana jina. Yule ameshika hatamu pembeni, bila viatu, hana.

Mwaka 1914 vita vikaja. Walowezi walikusanyika Nairobi na farasi wao, wakaunda kikosi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Mwezi wa Novemba walikuwa Longido kupigana na Wajerumani. Baadaye wakaja wapanda farasi wa Afrika Kusini, maelfu, wakapelekwa kusini ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania, katikati ya mbung'o na mvua. Sasa kumbuka kila kitu nilichosema kuhusu banda. Vitani hakuna banda. Hakuna majani makavu, hakuna kufungiwa jioni. Farasi walikufa kwa maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Nyumbu na ng'ombe wa mizigo vilevile.

Mnyama akifa, mzigo haufi. Mzigo ulihamia kwa watu. Hapo ndipo Carrier Corps ilikuwa kubwa vile ilivyokuwa. Mwaka 1917 John Ainsworth aliwekwa kusimamia ukusanyaji wa wanaume kwa nguvu, wilaya kwa wilaya, na Ukambani ilitoa watu wengi sana. Walibeba unga, risasi, na majeruhi, wakatembea hadi kusini kabisa. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria, na njaa. Walilala chini, kwenye matope, wengi na blanketi moja. Kambi yao Nairobi ilipoachwa, jina likabaki midomoni mwa watu: Kariokor. Dar es Salaam wakasema Kariakoo. Ukienda kununua kiondo au nyama choma Kariokor, unakanyaga mahali pa watu waliogeuzwa nyumbu baada ya nyumbu kuisha.

Hapo pale Kariokor, historia ya Wakamba inarudi mara ya pili. Ni 1938.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imesema Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kuliko nyasi. (Makueni wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos.) Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, sitadanganya. Lakini hawakuuliza kwa nini watu walikuwa wamebanwa. Ardhi nzuri upande mmoja ilikuwa ya walowezi, na uwanda wa Yatta ulikuwa umefanywa ardhi ya serikali, huwezi kuingiza mifugo yako unavyotaka. Nyasi zilikuwepo, ila zilikuwa na mwenyewe. Dawa yao ikawa kunyang'anya ng'ombe. Ng'ombe walikusanywa kwa lazima na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, na kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, kinasubiri.

Watu wakakataa. Wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, zaidi ya watu 1,500, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kwa miguu hadi Nairobi. Walitaka kuongea na Gavana. Wakapiga kambi Kariokor wiki sita. Wiki sita wanalala nje, Julai na Agosti, ile baridi ya Nairobi mnaijua.

Sasa toka hapo Kariokor utembee kidogo. Utakuta barabara inaitwa Race Course Road. Umeipita mara ngapi kwa matatu? Jina hilo si pambo. Uwanja wa zamani wa mbio za farasi wa Nairobi ulikuwa upande huo wa mji, kabla ya mbio kuhamia Ngong Road mwaka 1954. Nilipounganisha hayo mawili kichwani nilinyamaza dakika nzima. Watu wetu walikuwa wamelala kwenye baridi kwa sababu ya nyasi, wakiambiwa nyasi za nchi hii hazitoshi ng'ombe wao, katika mji ambao kila jioni mtu fulani alikuwa analipwa kufungua robota na kulimwaga chini ili farasi wa mbio alale vizuri.

Gavana alikwenda kuwaona, lakini hakuwapa walichotaka. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imerudi nyuma na kuacha kunyang'anya mifugo kwa lazima. Leo ana barabara mjini, pale karibu na City Market. Na sijui kama alicheka alipofika Lamu, mji ambao gari lake ni punda.

Lamu nayo ina funzo lake kwenye hii stori. Kule punda ndiye anabeba mawe ya kujenga, mchanga, unga, takataka. Tangu 1987 kuna hospitali ya bure ya punda, iliyofunguliwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza. Ilibidi mgeni aje kutukumbusha kwamba huyu mnyama naye anaumwa. Nasema hivyo bila matusi. Nashukuru walikuja, na bado naona aibu.

Kwa sababu angalia sisi wenyewe tulifanya nini tukiwa huru. Mwaka 2012 punda aliwekwa rasmi kwenye orodha ya wanyama wa kuchinjwa kwa nyama. Kuanzia 2016 vichinjio vikafunguliwa, Mogotio, Naivasha, Lodwar, na hapa karibu Machakos. Soko halikuwa nyama hasa. Lilikuwa ngozi. China kuna dawa ya kienyeji inaitwa ejiao, inatengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda, na punda wao hawatoshi. Hesabu ya 2009 ilipata punda milioni 1.8 hivi Kenya. Hesabu ya 2019 ikapata milioni 1.2 hivi. Na bei ilipopanda, wizi ukaanza. Nchi nzima watu walikuwa wanaamka asubuhi wanakuta kamba imekatwa, na wakati mwingine wanakuta mwili kichakani, umechunwa ngozi, nyama imeachwa.

Sisi tulikuta kamba tu.

Ilikuwa 2018, nilikuwa shule, nimekuja likizo. Susu aliamka kwenda kumfungua Probox waende maji. Akarudi bila kuongea. Akakaa kwa kigoda. Akasema, "Mwana wakwa, ing'oi haipo." Tulifuata nyayo hadi barabarani, na barabarani kulikuwa na alama za matairi ya lori. Stori ikaisha hapo. Hakuna aliyeshikwa. Tuliripoti, wakaandika, tukarudi nyumbani.

Baada ya hapo maji yalibebwa na shangazi zangu na mama yangu, mgongoni, kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mtungi mmoja badala ya minne. Hesabu ni rahisi: safari moja ya Probox ilikuwa safari nne za mama. Carrier Corps, wasee. Mnyama akiondoka, mzigo hauondoki, unahamia kwa mtu, na mara nyingi unahamia kwa mwanamke. Nilipofika chuo, na nilipokosa karo, nilikuwa nakumbuka pia pesa ambazo susu alikuwa akipata kwa kuuza maji sokoni na kukodisha Probox msimu wa kujenga. Sisemi niliacha chuo kwa sababu ya punda. Nasema huo mlango mmoja ulifungwa usiku ule.

Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda Februari 2020. Mwaka 2021 mahakama ikaifuta hiyo marufuku baada ya kichinjio kimoja kushtaki. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Nzuri. Lakini marufuku ya Addis haifungi mlango wa boma la Kanyangi usiku. Mlango unafungwa kama upo.

Na hapo ndipo nataka kufika. Kuna wale watasema, wewe kijana, punda ni mnyama wa jangwani, amezoea, hahitaji kitanda. Nusu ya hiyo ni kweli. Jua anaweza. Ukame anaweza kuliko farasi. Lakini manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, mvua inamuingia hadi kwa ngozi, na msimu wetu wa Oktoba hadi Desemba unanyesha. Kwato zake pia zinaoza kwenye matope. Kama visubi havimuui, mwizi anamchukua. Farasi alijengewa banda kwa sababu mwenyewe aliogopa kumpoteza. Sisi hatukujenga kwa sababu tulidhani punda hapotei. Tulijua thamani yake asubuhi ile ya kamba tupu.

Kwa hivyo niliporudi nyumbani mwezi wa pili na akiba yangu ya kibarua, nilinunua punda. Jike, bado mdogo. Halafu kabla ya kitu kingine nikajenga banda, mita tatu kwa tatu, nguzo za mgunga, mabati mabovu ya jikoni ya zamani, mlango wa kufuli. Sakafu niliipa mteremko kidogo kwenda nyuma, kwa heshima ya yule Mgiriki. Ngano hatuna, huku si Njoro. Lakini tuna mabua ya mahindi, tuna mabua ya mtama, tuna maganda ya ndengu baada ya kupura. Mabua ni magumu, kwa hivyo unayakatakata kwa panga kwanza, unayaanika, yasiwe na ukungu. Kila asubuhi unatoa yaliyolowa, unatupa kwa shimo pamoja na mavi. Baada ya miezi michache hiyo ni mbolea, na shamba letu linaitaka. Gharama yake ni panga na dakika kumi na tano.

Majirani walicheka. Mmoja aliniuliza kama nitamnunulia pia televisheni. Umau mwingine wa hapo chini alisimama kwa mlango muda mrefu, akaangalia yale mabua, akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia kwa farasi wa Nairobi. Akasema baba yake alikuwa saisi, zamani, upande wa Nakuru, na kwamba alikuwa akirudi nyumbani likizo ananuka farasi, na hakuwahi kuwaambia watoto alikuwa anafanya nini huko. Hakusema zaidi. Wiki iliyofuata nilimpata anakata nguzo.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Sawa. Lakini hesabu vizuri nani alianza.

Usiku, kabla ya kufunga, nadunga uma chini. Nikisikia udongo, naongeza. Kwenu punda analala wapi?